Mzee Rwekaza na Watu wa Jumba la Mawe

Enzi zetu televisheni ilikuwa ya mtaa. Mwenye nyumba alikuwa anaitunza tu, kama mtu aliyeachiwa ng'ombe wa wenzake, na Jumapili mchana alifungua mlango akijua kwamba asipofungua, watu watajaa dirishani mpaka sebule iwe giza. Pale kwetu Mkuyuni, upande wa mlimani, ya rangi ilikuwepo moja tu, nayo ilikuwa kwa Mzee Rwekaza.

Mzee Rwekaza alikuwa Mhaya mrefu, mpole, aliyefanya ukarani katika shirika moja la umma mpaka shirika likabinafsishwa na yeye akapunguzwa. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, vitu tulivyozoea kuvisikia kwa wasafiri vilipoanza kuonekana madukani. Wenzake waliopunguzwa naye walifanya biashara. Mmoja alinunua nyavu za sangara, mwingine alinunua pikapu, wa tatu alifungua baa akawa mteja wake mkubwa. Mzee Rwekaza alinunua televisheni. Aliyeichagua ni mkewe, Mama Koku, ambaye alitangaza kisimani kwamba mtu aliyesoma hawezi kukaa nyumbani akitazama ukuta.

Televisheni ile iliishi ndani ya kabati lenye milango miwili na kufuli, na juu yake palitandikwa kitambaa cha kufuma chenye maua. Antena ilisimikwa juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, maana kwetu mawe ni mengi kuliko viwanja. Picha ikiingia chenga, mmoja wetu alipanda jiweni kuzungusha mlingoti, mwingine akasimama kwenye kona ya nyumba, mwingine mlangoni, na neno likapita kwa zamu kutoka sebuleni hadi juu. Tatizo ni kwamba mpaka neno "hapo hapo" limfikie aliye jiweni, alikuwa ameshapita hapo hapo. Siku nyingine tulitazama nusu saa nzima watu wenye vichwa viwili, na tukaona sawa tu, ni Wazungu.

Jumapili zenyewe nazikumbuka kwa harufu. Asubuhi kanisani, sabuni ya kipande na mafuta ya nazi. Adhuhuri mapanki yanakaangwa, yale mabaki ya sangara kutoka viwandani yenye nyama kidogo mgongoni, na mama yangu aliyakaanga mpaka mwiba wenyewe ukawa unatafunika. Tukishiba tulicheza rede mpaka vumbi litufike kwenye kope, halafu mtu mmoja akasema "saa tisa hiyo," tukatimua mbio. Mlangoni kwa Mzee Rwekaza kulikuwa na beseni la maji. Hukuingia bila kuosha miguu, na maji yale yaliosha miguu ya mtaa mzima bila kubadilishwa, kwa hiyo wa mwisho aliingia akiwa mchafu kuliko alivyokuja. Watoto tulikaa mkekani, wakubwa kwenye makochi, na mama yangu alikuja na kigoda chake kichwani.

Tuliloliendea saa tisa lilikuwa mchezo wa kuigiza wa Kiingereza. Ulihusu familia moja ya kikabaila ya zamani, iliyokaa kwenye jumba la mawe kubwa kama seminari, pamoja na watumishi wao. Wenye nyumba walikaa juu, watumishi walikaa chini, na hadithi ilipanda na kushuka ngazi. Sisi Kiingereza chetu kilikuwa cha darasa la tano, cha "hii ni kalamu" na "yule ni ng'ombe," na katika jumba lile hakuna aliyewahi kuonyesha kalamu wala ng'ombe. Tuliwapa majina yetu. Kulikuwa na Bibi Fimbo, mama yake mwenye nyumba. Kulikuwa na Mzee Suti, ambaye kwa majuma matatu ya kwanza tulimheshimu kama ndiye tajiri, kwa sababu hakutabasamu na suti yake haikuwahi kuwa na kunyanzi. Tulipoambiwa kwamba yule ni mtumishi wa mezani, na kwamba tajiri ni yule mwembamba anayevaa sweta lililochakaa na kuzunguka na mbwa, mama yangu alikataa katakata. Na kulikuwa na Kofia, msichana wa kazi aliyevaa kikofia cheupe, mwenye macho makubwa, ambaye kila alipoitwa alikimbia.

Watoto wangu siku hizi muziki wa mwanzo wanauruka. Wanabonyeza, wanasema unawachelewesha. Sisi muziki wa mwanzo tulitoka nao tukaupiga kwa chanuo na karatasi ya sigara kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, na mwalimu wetu wa kwaya alitaka kuutilia maneno ya Pasaka.

Mtafsiri alikuwa Mzee Rwekaza mwenyewe. Alikaa kwenye kochi la pembeni, mikono juu ya magoti, akasikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akatupa Kiswahili. "Bibi Fimbo anasema chai imepoa." "Tajiri anamwambia mwanawe aache anasa, mashamba yanakwisha." Alitafsiri kwa sauti ya utulivu kama anayesoma waraka, na hatukuwa na shaka naye hata kidogo. Mtu aliyeandika mafaili ya Kiingereza miaka ishirini na zaidi, utamwuliza nini?

Mchezo ule ulimwingia Mama Koku vibaya. Alikuwa mwanamke mwema, aliyekupa ndizi kabla hujaomba, lakini alipenda ukubwa. Wiki ya nne alinunua kengele ya baiskeli akaifunga kwenye mkono wa kochi. Wiki ya sita wakaanza kula kwa uma na kisu mezani, chakula chochote kile. Sato waliwezekana. Senene, wale panzi wa kukaanga, ndio walioleta vurugu. Nilimwona Mzee Rwekaza kwa macho yangu akimfukuza senene mmoja kwa uma kuzunguka sahani nzima, mpaka akatazama mlangoni, akaona mke wake hayupo, akamkamata kwa vidole.

Aliyebeba mzigo wa ukubwa huo ni dada Kabula, mfanyakazi wao wa ndani. Alikuwa msichana wa Usagara, mweusi, mwenye mwanya na maneno machache. Alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa, na Mama Koku akaenda kumwomba kwa mama yake. Pale Usagara alitoa ahadi mbele ya watu: amsaidie kazi mwaka mmoja tu, kisha atampeleka darasa la ushonaji la parokiani, arudi kwao na ufundi. Mwaka ulipoisha, Koku mwenyewe alikuwa anaanza sekondari ya bweni, nyumba ikawa na mambo. Mwaka wa pili mama mkwe akaugua. Mwaka wa tatu mzee akapunguzwa kazi. Wa nne ukaingia, na jibu la Mama Koku lilikuwa lile lile, mwakani.

Kabula hakulalamika. Alishona kwa mkono. Kaptula zetu zilizotoboka makalio alizitia viraka usivyoweza kuviona, na vile vitambaa vya maua vilivyotandikwa sebule nzima alivifuma yeye, ingawa mgeni akivisifu Mama Koku alijibu asante. Sasa kengele ya baiskeli ilipofika, Kabula akawa anaitwa nayo. Ikilia mara moja, maji. Ikilia mara mbili, aje aondoe vyombo. Kisha Mama Koku akataka avae kama Kofia. Kitambaa cheupe kilikosekana, ikashonwa aproni ya mfuko wa unga wa ngano, iliyozunguka kiuno chote. Maandishi hayakutoka kwa kufuliwa, kwa hiyo dada Kabula alipogeuka kurudi jikoni, kiunoni nyuma alisomeka "kilo hamsini."

Tulicheka. Lazima niseme ukweli, tulicheka mkeka mzima, na mimi nilicheka kuliko wote. Kabula alisimama, akatugeukia, akatutazama mmoja mmoja bila kununa, halafu akaenda zake jikoni. Jioni ile mama yangu alinishika sikio. "Yule ni mtoto wa mtu, Minza. Mama yake akimwona vile, atacheka?" Sikio liliniuma mpaka Jumanne.

Basi ikafika Jumapili ninayotaka kuisimulia. Sebule ilijaa, picha ilikuwa safi, hakuna chenga. Katika jumba la mawe mambo yaliharibika tangu mwanzo. Bibi Fimbo alimsimamisha Kofia mbele ya familia yote akawa anamsema, na Kofia hakukimbia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema maneno, si mengi. Akashuka chini, akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza. Halafu tukamwona anatoka kwa mlango mkubwa wa mbele, ule ambao watumishi hawapitii kamwe, anashuka ngazi za mawe na sanduku mkononi, na Mzee Suti amesimama mlangoni akimtazama, kidevu kinamtetemeka.

Tukamgeukia mtafsiri.

Mzee Rwekaza alimtazama mke wake kwanza. Akakohoa. Akasema, "Anakwenda sokoni."

Hapo dada Kabula alikuwa amesimama kwenye mlango wa ukumbini na sinia ya vikombe. Kwa kawaida alitazama kutoka pale pale, akisimama, na hatukuwahi kumsikia akisema neno. Siku hiyo alisema, kwa sauti yake ya chini, "Mzee, sokoni haendi mtu na sanduku."

Mtu mmoja akacheka, kisha wawili, kisha sebule nzima ikavunjika. Mama yangu alicheka mpaka kigoda kikapiga kelele. Mama Koku akagonga kengele ya baiskeli, mara moja, mara mbili, mara tatu, na kwa kuwa hakuna aliyejua mara tatu ni nini, hakuna aliyefanya kitu. Kabula hakuondoka. Macho yake yalikuwa kwa Mzee Rwekaza. Akasema tena, "Naomba uniambie mzee, yule dada alisema nini kule juu."

Nilikuwa nimekaa karibu na miguu ya mzee, naona vidole vyake vikijikunja ndani ya kandambili. Alimtazama Kabula muda mrefu. Kisha akasema, "Ngoja. Mwanzo sikusikia vizuri." Akainua uso, na akaanza kutafsiri taratibu, kwa sauti ile ile ya waraka.

"Anamwambia bibi: Mama, ulinichukua kwa mama yangu kwa ahadi. Ulisema mwaka mmoja. Nimengoja miaka minne, na kila mwaka una sababu yake. Sikuchukii. Lakini nikizeekea jikoni kwako, siku mama yangu akikuuliza, utamjibu nini?"

Hakuna aliyecheka sasa. Kwenye televisheni watu wengine kabisa walikuwa wanapanda farasi, na hatukuwatazama. Mama Koku alikaa wima kwenye kochi, mkono juu ya kengele.

"Miaka minne?" akauliza. "Amesema minne?"

"Minne," akajibu mzee.

"Baba Koku, huyu msichana si amekuja juzi tu humo ndani? Tulimwona anafika na gari la farasi."

Hoja ilikuwa nzito, kwa sababu sote tulimwona anafika. Mzee Rwekaza alitafakari. "Miaka ya kule ni mifupi," akasema. "Ni ile baridi."

Mama Koku aliinuka, akaizima televisheni, akafunga milango ya kabati, akatia kufuli, na kutuambia kwa upole wa kutisha kwamba tunaitwa kwetu. Tulitoka bila kusukumana. Nyuma yangu nilisikia vikombe vikiwekwa mezani kimoja kimoja.

Majuma mawili mlango haukufunguliwa. Mtaa uliteseka. Tulirudia rede, tukarudia kombolela, na saa tisa ikifika miguu yetu ilituchukua yenyewe mpaka kwenye beseni, tukalikuta kavu. Tuliogopa mambo mawili. La kwanza, na naona aibu kulitaja kwanza, ni kwamba hatutajua Kofia alifika wapi. La pili, kwamba dada Kabula atafukuzwa. Mama yangu alipita kumjulia hali, akakuta yupo, anafua, aproni hana. Alisema ndani ya nyumba ile mke na mume wanaongea kwa Kihaya chini chini, na wakimwona mgeni wananyamaza. Kengele ilikuwa bado ipo lakini haikulia, na Mama Koku akitaka maji aliinuka.

Kisha Jumatatu moja asubuhi, tukiwa tunakwenda shule, tuliwaona wakishuka mlima. Mama Koku mbele na mwavuli ingawa jua lilikuwa halijachoma, dada Kabula nyuma yake amevaa gauni la Krismasi, daftari jipya kwapani. Tuliwaamkia. Mama Koku aliitikia marahaba, kisha akatuambia, bila kuulizwa, kwamba anampeleka Kabula parokiani kuanza ushonaji, na kwamba wazo hilo alikuwa nalo siku nyingi. Alimwambia hivyo mwenye duka, fundi baiskeli, na kila mtu kuanzia Mkuyuni hadi Mirongo. Kabula alipotupita alinikonyeza, na ule mwanya wake ukaonekana wote.

Tangu hapo, kila asubuhi Mama Koku alipika mwenyewe, na harufu ya ndizi zilizoungua ikawa saa ya mtaa wetu. Jumapili mlango ulifunguliwa tena. Kabula alitazama akiwa amekaa kwenye kochi, na mikono yake haikutulia, ilikuwa inafuma. Kofia hakurudi tena katika jumba la mawe, nasi hatukujua alifika wapi. Mwaka ulipoisha Kabula alirudi Usagara na cherehani aliyopewa na Mzee Rwekaza, akafungua chumba cha ushonaji pale njia panda. Sare yangu ya sekondari aliishona yeye. Aliingiza mkunjo wa ziada ndani ya sketi ili niivae miaka yote minne, na kweli niliivaa.

Nilipokuwa kidato cha nne, Kiingereza kikiwa kimeanza kunikaa kichwani, nilikwenda kumsalimia Mzee Rwekaza. Macho yalikuwa yameanza kumsumbua. Tukaongea habari za zamani, nikamwuliza kama mchezo ule ulikuwa mgumu kutafsiri. Alinyamaza kama alivyokuwa akinyamaza kabla ya kutupa Kiswahili.

"Mwanangu, Kiingereza cha mafaili nakijua," akasema. "Kile cha puani sikukisikia hata robo."

Nikamwuliza, miaka yote ile alikuwa anafanya nini.

"Nilikuwa natazama midomo. Nikiona mtu amekasirika, nampa sababu."

Nilicheka mpaka Mama Koku akachungulia dirishani. Halafu nikamwuliza kuhusu siku ile, yule msichana alisema nini kwa Bibi Fimbo.

"Sijui. Huenda alikuwa anaaga tu. Lakini Kabula alikuwa amesimama mbele yangu na sinia. Nikaona bora nimtafsiri huyo niliyemwelewa."

Nikataka kujua kama Mama Koku aligundua. Akatazama dirisha, akashusha sauti, akasema mama aligundua usiku ule ule, na hajamsamehe, ila kila Krismasi hakosi kwenda Usagara kushonewa gauni.

Wote wawili wamekwisha kutangulia, Mungu awarehemu. Dada Kabula yupo, ana mafundi watano chini yake, na bado ni mtu wa maneno machache.

Mimi sasa nina watoto watatu na televisheni pana kama mlango. Hakuna anayeitazama. Kila mtu ana simu yake na vitu vyake masikioni, anacheka peke yake chumbani kwake, na mimi nikipita ukumbini nasikia vicheko vitatu visivyofahamiana. Maigizo yao yana maneno ya Kiswahili yaliyoandikwa chini, sahihi, kila nukta mahali pake. Nikiuliza huyu analia nini, naambiwa, "Mama, si usome hapo."

Tuna dada wa kazi pia, anaitwa Neema. Anatazama tamthilia za Waturuki jikoni, simu ameiegemeza kwenye kopo la chumvi. Juzi niliingia kuchukua maji akashtuka, akanyoosha mkono azime. Nikamwambia aache. Nilivuta kigoda, nikakaa, tukatazama pamoja. Nilimwuliza yule mwenye shela ni nani, akanieleza, kwanza kwa woga, halafu kwa furaha, akaniambia yupi mwongo na yupi ataumia. Ilipoisha nilibaki nimekaa. Nikamwuliza kitu ambacho kwa miaka miwili aliyokaa kwangu sikuwahi kumwuliza, kwamba yeye alikuwa anataka kuwa nani.

Akapunguza sauti ya simu, akanitazama kuona kama nina maana hiyo kweli.